Mtu Aliyechimba Peke Yake

Lori lilikuwa limeshawashwa na utingo ameshafunga mlango wa nyuma, lakini wanawake wa Lusewa walikuwa bado wamemzunguka Mama Alfonsi kama vile ndiyo kwanza anafika. Huyu anamshika mkono, yule anamsukumia mayai kwenye kikapu, mwingine anamtuma awasalimie watu wa mjini ambao hata hawafahamu. Mama mwenyewe alikuwa amekaa mbele kwa dereva, mguu wake uliovimba ameulaza juu ya furushi la nguo.

"Na Alfonsi? Alfonsi hatumuagi?" aliuliza mmoja wao.

"Yuko juu," alisema utingo. "Kajifunika turubai kama maiti. Nimemwambia shuka uage watu, ananijibu ondoa gari."

Wakacheka. Mimi nilikuwa huko huko juu, nimekalia marobota ya tumbaku, na kweli mtu alikuwa amelala kifudifudi chini ya turubai, jua la saa nne likimchoma. Jasho lilikuwa limelowesha gunia alilolalia.

"Mzee," alininong'oneza, "wameondoka?"

"Bado."

"Nakuomba usiseme niko hapa."

"Wanajua uko hapa, bwana. Ndiyo wanachochekea."

Lori lilipokata kona ya mwisho na vumbi kufunga kijiji, ndipo akatoa kichwa. Mtu mzima wa miaka thelathini hivi, mikono mikubwa ya jembe, uso mzuri tu. Akasema shikamoo kwa adabu, na mpaka tunafika Namtumbo alikuwa ameshanichekesha mara kadhaa, maana alijua kumwiga dereva anavyogombana na gia.

Ilikuwa miaka ile chama cha ushirika kimeshakufa na wanunuzi binafsi wanakuja na malori yao. Ukiwa na safari unamwomba dereva, unapanda juu ya tumbaku. Pale Namtumbo tulisimama kunywa chai. Alfonsi hakushuka. Nilimpelekea mama yake kikombe kwenye lori, tukatajiana majina, tukazungumza.

"Iddi, mimi naenda mjini kufa," alisema.

"Usiseme hivyo, mama."

"Kwa nini nisiseme? Mguu huu si mguu tena, na moyo nao hivyo hivyo. Kaka yangu ameniachia nyumba Ruhuwiko. Nataka nikafie mahali ambapo mwanangu bado hajapaharibu."

"Lakini pale Lusewa wamekuaga vizuri."

"Wananiaga vizuri kwa sababu naondoka naye."

Akanieleza. Alfonsi ndiye mtoto wake pekee aliyebaki. Siku ya kumzika baba yake, alipoitwa kutupa udongo wa kwanza, alisimama ukingoni, akatazama watu, akakimbia. Tangu siku hiyo hakuonekana tena kwenye msiba wa mtu yeyote. Na kijijini ukikaa mbali na misiba ya wenzako, nao wanakaa mbali na wako. Mwaka uliofuata dada yake mama alifia mle nyumbani kwao. Wakaja watu wanne.

"Dada yangu alipelekwa kaburini kwa baiskeli, Iddi. Mtu mzima aliyebatizwa, amefungwa kwa kamba kwenye kiti cha nyuma." Akanywa chai. "Mimi nataka watu. Na nataka Alfonsi anitupie udongo. Sina kingine ninachotaka."

Basi nilikuwa sina pa kwenda kwa haraka. Nikapanga chumba cha uani kwao Ruhuwiko, nikakaa kuliko nilivyokusudia.

Mji ulikuwa unajengwa. Kila aliyepata kitu kidogo kwenye biashara alitaka matofali, na Alfonsi alikuwa fundi wa matofali. Alifyatua bondeni kando ya kijito, peke yake, tangu kunakucha. Wateja walizungumza na mama yake, siku mama akizidiwa walizungumza na mimi, na Alfonsi alingoja nyuma ya tanuru mpaka mtu aondoke. Chumvi alinunua mama. Kanisani alikwenda, lakini alisimama nje, nyuma ya ukuta, akaondoka kabla ya baraka ili asikutane na watu wanaotoka.

Msifikiri alikuwa mpumbavu. Jioni tukiwa wawili kwenye moto, alizungumza vizuri kuliko wengi. Akiingia mtu wa tatu, anazimika kama koroboi lililopulizwa. Nilimuuliza siku moja anaona nini.

"Sioni kitu, mzee. Nikitazamwa tu, moyo unapiga mpaka nausikia kwenye meno. Naona kama wote wanangoja nikosee. Najua hawatanifanya kitu."

"Sasa kama unajua?"

"Kujua hakunisaidii."

Sasa pale mtaani Wakatoliki wana jumuiya yao. Nyumba kadhaa zinakusanyika kila Jumamosi asubuhi, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Wanasoma Injili, kila mtu anasema neno moja lililomgusa. Ukiugua ndio wanaokuja, ukifa ndio wanaokuzika. Mimi ni Mwislamu, sikuwa na zamu humo, lakini ilipofika zamu ya nyumba yetu nilisaidia kutandika mikeka. Mwenyekiti wao alikuwa Kajetani, zamani karani wa ushirika, mtu wa kofia ya pama na sauti ya kuhesabu magunia. Jirani yetu Walburga, muuza mitumba, ndiye aliyeanzisha nyimbo, na ndiye aliyeanzisha mambo mengine yote.

Mama Alfonsi alikuwa amemwomba mwanawe kwa machozi: leo tu, kwa kuwa ni nyumbani kwetu. Alfonsi akaoga, akavaa viatu vya marehemu mjomba wake, akakaa karibu na mlango. Mambo yalikwenda. Halafu Kajetani, kwa nia njema kabisa, akampa kitabu.

"Somo la leo atusomee kijana wa nyumba."

Alfonsi akasimama. Alijua kusoma, tena vizuri, mimi alinisomea magazeti. Akafungua mdomo, taya likakaza. Jasho likadondoka kwenye ukurasa, tukalisikia. Mtoto mmoja akacheka. Alfonsi akaweka kitabu juu ya mkeka, taratibu, kama kitu kitakachovunjika, akatoka. Viatu vilikuwa mlangoni. Alivipita.

Kesho yake Walburga alivikuta viatu bado pale, akavishika kwa kamba na kushuka navyo bondeni huku anapaza sauti. "Viatu vimeachwa na bwana harusi! Nani kapotelewa na bwana harusi?" Watu wakatoka kwenye nyumba zao kuangalia. Alfonsi alikaa ndani ya tanuru lisilowashwa mpaka jua likazama.

Ilipita miezi. Misiba ikaja na kwenda, Alfonsi haonekani. Mama yake alikwenda kwa fimbo mpaka mguu ukakataa kabisa. Ndipo Kajetani akaja kukaa kitako naye. Nilikuwa uani napiga pasi shati langu, nikasikia yote.

"Mama Alfonsi, sisi hatumfukuzi mtu. Lakini watu wanauliza. Wewe tunakuelewa, unaumwa. Nyumba ina mwanaume mwenye nguvu, hajawahi kushika jembe makaburini hata siku moja. Siku yako ikifika nitawaambia nini?"

"Ana tumbo," alisema mama.

"Tumbo la miezi yote hii?"

"Kajetani, baba yangu, nakuomba."

"Simkatai mimi. Wanamkataa wao."

Alipoondoka, mama alimwita Alfonsi. Sikusikia alivyomwambia, ila nilisikia jibu. "Mama, watakuzika. Nitafanya."

Nikadhani amejipa moyo. Kumbe alikuwa amepata njia yake.

Desturi ya pale ni hii. Jioni kabla ya maziko, mwenye msiba anaonyesha mahali na kupigilia vijiti vinne. Asubuhi wanaume wanakuja na majembe na sururu, wote pamoja, hakuna wa kutangulia. Kaburi ni kazi ya watu wengi. Mtu mmoja akilichimba peke yake, wanasema hakumchimbia marehemu. Amemchimbia mtu mwingine anayemtaka afe.

Alipofariki mzee Thadei, wanaume walifika makaburini wakakuta shimo limeshafika kifuani. Kuta zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu, udongo umelundikwa upande mmoja kwa usafi. Na hakuna mtu. Nilikuwepo. Hakuna aliyeshusha jembe. Mmoja akasema "Mama yangu," basi. Wakarudi nyuma kama wameona nyoka, wakamchimbia Thadei kaburi jingine mbali, na lile wakaliacha wazi, maana hata kulifukia waliogopa.

Mwezi haujaisha akafa Pankrasi, mwendesha mashine ya kusaga, mtu mwenye afya, kaanguka tu mashineni. Mtaa mzima ukajua: shimo limechukua wake. Kwa hiyo vijiti vya kaburi la Pankrasi vilipopigiliwa, Kajetani na wenzake walijificha kwenye mikorosho. Kulipoanza kupambazuka Alfonsi akaja na koleo begani. Wakamwacha achimbe mpaka alipozama kiunoni, wapate ushahidi. Kisha wakamtokea kwa pamoja, zaidi ya ishirini, na wanawake nyuma yao.

Angeweza kusema neno moja. Angesema, nawasaidieni. Lakini walikuwa wamemzunguka juu ya shimo wote wanamtazama, wanapiga kelele "Sema! Sema umemchimbia nani!" na taya lilikuwa limekaza. Kunyamaza kwake ndiko kulikomhukumu. Walimpigia mle mle kaburini kwa mipini ya majembe.

Niliitwa na mtoto wa Walburga. Nilipofika walikuwa wamechoka kupiga. Nikashuka shimoni, nikamkumbatia, nikawaambia mkitaka kuendelea mniue na mimi Mwislamu, muwe na kesi mbili. Wakatawanyika. Tukampeleka hospitali kwa mkokoteni wa kubebea matofali yake mwenyewe.

Alivunjika mkono na mbavu. Wodini aliugua kuliko majeraha yenyewe, maana wodini kuna vitanda vingi, na madaktari wanakuja kundi zima kukuangalia. Kila kundi likikaribia kitanda chake anatetemeka mpaka chuma cha kitanda kinalia. Wauguzi wakafikiri ni pepopunda. Ndipo akaitwa nesi Benigna, mfupi, mwenye miwani, aliyekuwa anahudumia wagonjwa wa akili. Hakumuuliza kitu mbele ya watu. Alivuta pazia, akakaa ubavuni mwake, akatazama dirishani, hakumtazama yeye. Akakaa hivyo. Siku iliyofuata akakaa tena. Siku nyingine nilipofika na uji, nikakuta Alfonsi anaongea.

Benigna akanitoa nje. "Mzee, huyu si mchawi wala si mwendawazimu. Ana hofu ya watu. Ni ugonjwa, una jina lake kwenye vitabu, na wapo wengi, hawaji tu hapa. Watakujaje na hapa pamejaa watu?"

"Mwambie Kajetani maneno hayo."

"Nitawaambia wote."

Akaja kweli. Wakapewa darasa la shule ya msingi jioni, watu wazima wakajibana kwenye madawati ya watoto. Nilikaa nyuma.

"Nesi, kwa hiyo ni kichaa?" aliuliza mtu.

"Hapana. Na hata kichaa ni ugonjwa wenye dawa, si wa kupigwa mipini. Huyu akili yake nzima. Anaogopa kutazamwa na watu."

"Hiyo si aibu tu? Hata mimi nina aibu. Hata mke wangu, kumposa nilimtuma mdogo wangu akanisemee."

"Na hakumchukua mwenyewe?" sauti ikatoka nyuma, na darasa likacheka.

"Ulioa?" Benigna akamuuliza.

"Nilioa."

"Basi yako ni aibu. Yake imemzuia kuoa, kusali na wenzake, kuzika, hata kununua chumvi."

Walburga akasimama, mkono kiunoni. "Mimi naogopa mbwa. Naogopa mpaka natetemeka. Mbona sijaitwa mgonjwa?"

"Mbwa unakutana nao wapi, dada?"

"Pale kwa fundi magari."

"Unafanyaje?"

"Nazunguka njia nyingine."

"Sasa Alfonsi azunguke njia gani, ikiwa mbwa wenyewe ni wewe?"

Darasa lilivunjika mbavu. Walburga mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Aliyekuwa hacheki ni Kajetani. Alikuwa amevua kofia yake ameishika magotini.

"Nesi," alisema, "lile kaburi la mzee Thadei."

"Alikuwa anawasaidia kuzika. Hawezi kuchimba mbele yenu, akachimba kabla yenu."

Kajetani akasema, polepole, "Tumempiga mtu aliyekuwa anatuchimbia."

Benigna akawaeleza la kufanya. Aendelee na kazi yake. Msimwite mbele. Mkitaka kumsogelea, aende mmoja, akae kidogo, aondoke. Wiki nyingine mwingine. Hofu yake itapungua taratibu, lakini msimshtue. Wote wakasema ndiyo nesi, tumeelewa nesi.

Na niseme ukweli, kwa miezi miwili hivi nilidhani mambo yatakuwa mazuri. Alfonsi alirudi nyumbani, mkono umefungwa. Benigna alikuwa anakuja siku yake ya mapumziko. Alimfundisha kukaa kizingitini dakika chache, apite mtu mmoja, asalimiwe, aitikie, basi imetosha kwa leo. Siku alipomwitikia muuza nyanya, mama yake alinigeukia kitandani macho yanang'aa. "Umesikia, Iddi? Umemsikia?" Akaanza hata kunihesabia watu watakaokuwepo siku yake, na wapi Alfonsi atasimama.

Lakini jumuiya ilikuwa na deni moyoni. Kajetani alinijia uani.

"Mzee Iddi, Jumamosi tunakuja kumwomba radhi kijana."

"Mnakuja wangapi?"

"Wote."

"Nesi alisema mmoja mmoja."

"Nesi ni wa hospitali. Kuomba radhi kuna utaratibu wake. Mmoja mmoja ni kama wapelelezi. Tulimpiga wengi, tutamwomba radhi wengi."

Nilibisha. Kajetani alinisikiliza kwa heshima, akasema nimeelewa mzee, akaondoka. Usiku huo nilimwambia Alfonsi. Aliitika kwa kichwa tu. Sijui alidhani natania au alidhani ataweza.

Wakaja. Wamevaa nguo za kanisani, ngoma mbele, Walburga anaongoza wimbo, jogoo mwekundu kwapani mwa Kajetani, kina mama wamejitwika unga na maharage. Nia yao ilikuwa safi kabisa, hilo nitalisema popote. Waliimba kuanzia barabara kubwa, kwa hiyo mtaa mzima ukawafuata kuona. Alfonsi alikuwa kizingitini, kwenye zoezi lake. Aliwaona wanakata kona. Kajetani akafungua mikono yake miwili, akaita kwa sauti ile ya kuhesabu magunia:

"Alfonsi mwanangu! Usiogope! Sasa tunakujua!"

Alfonsi akaingia ndani, akapita chumbani kwa mama yake, akatokea uani, akaruka ua wa matete. Mkono wake mmoja ukiwa bado umefungwa. Sikumwona tena hapo Ruhuwiko kwa muda mrefu.

Walikaa na mama. Walimwimbia, wakamlisha, wakapiga magoti kwenye sakafu wakimwomba msamaha, naye akawasamehe. Alilia kwa furaha. Watu wake alikuwa amewapata. Kila baada ya muda anauliza, "Alfonsi yuko wapi? Mwiteni Alfonsi aje aone."

Benigna alipofika alisimama mlangoni, akatazama jogoo aliyefungwa kwenye mguu wa kitanda. "Nani aliwaambia mje na ngoma?" Walburga alijifuta macho kwa ncha ya khanga.

Niliambiwa na utingo kwamba Alfonsi ameonekana Lusewa. Nikaenda. Alikuwa amejifungia kwenye bani la mtu aliyeacha kilimo, kile kijumba kirefu cha kukaushia tumbaku. Moshi wa miaka mingi umeupaka ukuta weusi, hakuna dirisha. Alikuwa amelima kiraka cha mahindi nyuma.

"Mama anakuuliza," nilimwambia.

"Zamani walikuwa hawanijui, mzee. Nilikuwa naweza kujificha. Sasa hata mtoto akiniona njiani anasema, yule ndiye mgonjwa wa hofu, mpe nafasi. Wananipisha. Wote wananipisha, na wote wanatazama kama nitapita."

"Wanakupenda sasa."

"Najua. Ndiyo mbaya."

Nilirudi peke yangu. Mama alikaa mpaka mwisho wa masika. Miguu yote miwili ilikuwa imevimba na pumzi inakata. Jumuiya haikumwacha hata siku moja. Walipokezana kumwogesha, Walburga zaidi ya wote. Siku aliyokata roho nilipanda gari la kwanza kumfuata mwanawe. Nilidhani atakataa. Alichukua shati, akafunga mlango wa bani, akanifuata bila neno. Safari hii hakujifunika turubai.

Tulishuka kabla ya mtaa, tukapita mashambani, maana makaburi yapo upande huo na mahindi yalikuwa yamekomaa yamefunika vichwa. Tulipofika ukingoni mwa mahindi tukasimama. Mbele yetu palikuwa na watu. Sijaona maziko makubwa hivyo ya mtu asiye na cheo. Habari ilikuwa imesambaa, parokia nzima ilikuja, hata Waislamu wa sokoni walikuja. Jeneza limeshashushwa. Padri ameshamaliza. Na hakuna aliyekuwa anafukia. Walikuwa wamesimama kimya wanatazama barabara ya Namtumbo, wanamngoja mtoto.

"Wangapi?" Alfonsi aliuliza.

"Ni wengi, baba. Ndivyo alivyotaka."

"Ndiyo. Ndivyo alivyotaka."

Akakaa chini, mgongo kwenye mabua. Nilimwacha, nikaenda kwa Kajetani, nikamnong'oneza. Yule mtu alizeeka mbele yangu. Alifikiri, akavua kofia, halafu akawageukia watu. Safari hii hakupaza sauti.

"Jamani. Mtoto wa marehemu yupo karibu. Nawaomba wote tugeuke, tuangalie upande wa mjini. Mtu asiangalie nyuma. Mtu asiseme kitu."

Wakageuka. Padri aligeuka, kwaya wakageuka, Benigna aligeuka. Walburga akamziba macho mtoto wake kwa viganja. Parokia nzima ikasimama imelipa kaburi mgongo, na hakuna hata aliyekohoa.

Nilimrudia. "Wamegeuka. Hakuna anayekuona. Ni hatua chache, njoo."

Alisimama. Alitembea mpaka mahindi yalipoishia, mguu mmoja ukakanyaga nje. Akatazama. Niliona kifua chake kinavyokwenda chini ya shati.

"Mzee Iddi," alisema, "hiyo migongo yote inanijua."

Akainama, akachota udongo pale pale alipokuwa, akanitia kiganjani, akanikunja vidole kimoja kimoja. Akarudi ndani ya mahindi. Nilisikia majani yanavyopigana, halafu sikusikia.

Nikaenda kaburini peke yangu. Nikasema Bismillahi, maana sikujua neno lao, nikamwaga. Udongo uligonga mbao. Wakageuka wote kwa ule mlio, wakaniona mimi, mkono mtupu.

"Amekuja?" Kajetani aliuliza.

"Amefika kwenye mahindi."

Alitazama mahindi kwa muda. "Basi amekuja," akasema. Akawaambia wafukie.

Alfonsi aliishi kwenye bani la Lusewa kwa miaka kama saba. Alilima, aliuza mahindi kwa mtu mmoja tu aliyekuwa anamwachia vitu mlangoni. Alikufa kwa homa ya mapafu, akakutwa baada ya siku kadhaa, akazikwa na wanaume wachache wa jirani. Jumuiya ya Ruhuwiko walipata habari baadaye. Benigna alihamishiwa mkoa mwingine. Nasikia alistaafu, ana magoti mabaya. Kabla ya kuhama alifungua siku ya kliniki kwa watu wenye hofu, wakaja wawili, halafu ikafungwa. Kajetani alipata kiharusi akakaa kitandani muda mrefu, jumuiya wakamhudumia, akafa, maziko yake yalijaa. Walburga alihamia Mbinga kwa binti yake. Nyumba ya Mama Alfonsi iliuzwa na ndugu wa mjomba, sasa ni duka la vifaa vya ujenzi. Mimi niliondoka mwaka ule ule wa maziko ya mama kwenda Tunduru, nikavuka Msumbiji, nikarudi, na sasa nakaa kwa mtoto wa dada yangu.